Bibi wa ukoo aliiba kondoo: mtoto aambiwe nini?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nimeolewa na sasa tunaishi Hobart, kwenye kisiwa cha Tasmania, Australia. Mwanangu wa miaka 11 amepewa kazi ya shule ya kuandika habari za ukoo. Mama mkwe akatoa nakala ya karatasi ya zamani. Yeye ni kilembwe wa mwanamke wa Ireland aliyehukumiwa Galway mwaka 1849 kwa kuiba kondoo, akapewa miaka 7 ng'ambo, akafika hapa 1850 akiwa mjane mwenye mtoto wa miaka miwili. Chini yameandikwa makosa mengine ya huku: ulevi, kutoka bila ruhusa, kujibu kwa jeuri, kifungo cha miezi mitatu. Baba mkwe hataki habari hii ifike shuleni. Mume wangu yeye anajisifu nayo mbele ya marafiki, anasema bibi aliiba kipande cha mkate tu. Mtandaoni nimesoma kwamba wanawake wale walikuwa malaya, kwingine kwamba walikuwa watumwa kama waliouzwa Unguja, na kwingine kwamba waliiba makusudi ili wapelekwe. Nani mkweli? Mtoto nimwambie nini? Na yule mtoto wa miaka miwili alikwenda wapi? Karatasi haisemi."

Marahaba dada, na pole na shauri hilo la nyumbani. Ninavyokuelewa, kinachokusumbua kinazidi historia. Umeingia kwenye ukoo wa watu, umeshikishwa karatasi inayowatia wengine aibu na wengine majivuno, halafu wewe uliyetoka Tanga ndiye unayetakiwa kumsimulia mtoto. Kila mtu hapo nyumbani ana bibi wake. Nitawapitia mmoja mmoja. Lakini nikuambie mapema: swali la yule mtoto wa miaka miwili ndilo lenye matumaini makubwa ya kujibiwa, na jibu lake liko kwenye mji huohuo unaoishi.

Mumeo aache habari ya mkate. Karatasi mnayo, na imeandika kondoo. Hadithi ya kipande cha mkate imeenea Australia kwa sababu inarahisisha mambo: bibi anakuwa malaika, hakimu anakuwa shetani, na mazungumzo yanaishia hapo. Kati ya 1788 na 1868 Uingereza ilipeleka Australia wafungwa wapatao 162,000. Wanawake walikuwa kama 25,000, na karibu nusu yao walishushwa hapo kwenu, kisiwa kikiwa bado kinaitwa Van Diemen's Land. Kama theluthi moja ya wanawake hao walitoka Ireland. Wengi mno kosa lao lilikuwa wizi, na mara nyingi haukuwa wizi wao wa kwanza kufika mahakamani. Aliyeiba mara ya kwanza, kitu kidogo, kwa kawaida alifungwa wiki au miezi kadhaa jela ya karibu. Aliyerudia ndiye aliyekuwa kwenye hatari ya kupelekwa ng'ambo.

Na walichoiba zaidi ni nguo. Hili huwashangaza watu wa leo waliozoea mitumba ya bei poa. Wakati ule shuka, shali au koti vilikuwa mali hasa, vimefumwa na kushonwa kwa kazi kubwa, na kila mtaa wa Dublin au Cork ulikuwa na duka la rehani. Mtumishi wa ndani aliyeondoka asubuhi na shuka mbili za tajiri wake, kabla ya jioni zilishageuka senti mkononi. Ndiyo maana mweka rehani anatokea sana kwenye kesi za wanawake wa mjini: yeye ndiye aliyekuwa na kitabu chenye tarehe, bei na sura ya aliyeleta mzigo. Wanawake wa shamba walikuwa na kesi za namna nyingine: ng'ombe, mbuzi, kuku, na kondoo kama wa bibi yenu.

Kondoo mmoja kwa miaka 7 unaonekana ukatili wa ajabu, lakini uangalie ulikotoka. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1830 sheria za Uingereza ziliruhusu mwizi wa kondoo anyongwe. Mwaka 1832 kitanzi kiliondolewa kwa wizi wa mifugo na mahali pake pakachukuliwa na kupelekwa ng'ambo. Kwa hiyo hakimu wa Galway wa 1849 huenda alijiona mpole. Sheria yenyewe ilitungwa na wenye mifugo, nao waliilinda mifugo.

Sasa tazama huo mwaka. Mtu akikuambia "Ireland 1849", lazima akili yako iende kwenye Njaa Kuu. Mwaka 1845 ugonjwa unaofanana na wa kuvu uliingia kwenye viazi mviringo, na maskini wa magharibi mwa Ireland, ikiwemo Galway, walikuwa hawali kingine. Kati ya 1845 na 1852 watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi yake, na zaidi ya milioni moja wakahama nchi. Chakula hakikuwa kimekwisha Ireland. Nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza, maana kilichokosekana kwa maskini kilikuwa fedha ya kununulia.

Kuna kifungu kimoja cha sheria ambacho ningependa mwanao akijue kwa sababu kinaeleza kesi kama hii kuliko hotuba yoyote. Mwaka 1847 serikali iliendesha majiko ya supu, na katikati ya mwaka huo yalikuwa yanalisha watu wapatao milioni tatu kwa siku. Yalifanya kazi vizuri, kisha yakafungwa. Mzigo ukahamishiwa kwenye nyumba za maskini za kila wilaya, na sheria ikawekwa kwamba mwenye kulima zaidi ya robo eka hapati msaada mpaka aliachilie shamba lake. Familia ikabaki na mawili: kushikilia ardhi na kufa nayo, au kuitoa ili ipate uji. Wakiitoa, mwenye shamba alibomoa paa siku hiyohiyo wasirudi. Mjane mwenye mtoto mchanga, baada ya hapo, alikuwa mtu wa barabarani. Kati ya 1845 na 1849 idadi ya watu waliofikishwa mahakamani Ireland iliongezeka zaidi ya mara mbili.

Wizi wa kondoo ulifanyika usiku na nyama ikaliwa upesi. Kilichoponza watu ni vilivyobaki. Ngozi ina alama ya rangi au lami ya mwenye mali, masikio yamekatwa kwa namna inayojulikana, na sufuria ya nyama katika nyumba isiyokuwa na kitu haihitaji maelezo. Askari walitafuta ngozi iliyofukiwa kwenye udongo wa kinamasi au kufichwa chini ya majani ya kulalia. Kama kesi ya bibi yenu iliandikwa gazetini, nitashangaa kama ngozi haikutajwa.

Je, aliiba makusudi apelekwe? Hapa mtandao haukukudanganya kabisa. Wapo wanawake waliofanya hivyo katika miaka ile. Walichoma rundo la majani makavu au banda tupu, wakasimama palepale kumsubiri askari, na mahakamani wakasema wazi kwamba wanataka kupelekwa. Wengine walikuwa na mume au kaka aliyekwisha kupelekwa nao wakitaka kumfuata. Jela yenyewe ilikuwa na mlo wa kila siku, jambo ambalo barabara haikuwa nalo. Mahakimu walilijua hili na liliwaudhi.

Ila usilibebe hilo ukambandika kila mwanamke. Aliyetaka kupelekwa kwa kawaida alichagua kosa la kuonekana, na moto unaonekana kuliko kondoo. Kondoo ni chakula. Kwa bibi yenu naegemea upande wa njaa, na ipo njia ya kupima: tafuta kama alituma ombi la huruma. Wafungwa wengi wa Ireland waliandikia, au waliandikiwa na padri, barua kwa mwakilishi wa Malkia pale Dublin wakiomba adhabu ipunguzwe au waruhusiwe kwenda na watoto wao. Anayeomba asipelekwe hakuiba ili apelekwe. Anayeomba watoto wake wakubwa wapandishwe naye melini ametuambia jambo jingine. Na barua hizo mara nyingi hutaja umri wa watoto, kifo cha mume na jina la kijiji, vitu ambavyo karatasi yenu haina.

Baba mkwe ataona haya hapa, lakini ni lazima niseme juu ya umalaya. Ukahaba haukuwa kosa la kumpeleka mtu Australia. Ulikuwa kosa dogo la siku chache za jela. Hakuna mwanamke aliyepandishwa meli kwa hukumu hiyo. Sifa hiyo mbaya ilitoka kwa maofisa, wachungaji na wanasiasa walioandika juu yao. Mwaka 1837 na 1838 kamati ya Bunge la Uingereza ilikusanya ushahidi dhidi ya mfumo mzima wa kupeleka wafungwa, na kuwachora wanawake kuwa wameoza kupita wanaume kulisaidia hoja yao. Waandishi wa baadaye wakanakili.

Je, kati yao wapo waliowahi kuuza miili? Wapo, hasa wa mijini, na makarani wa Hobart walikuwa na desturi ya kuandika mwanamke ameishi maisha hayo kwa muda gani, kwa msemo wao wa kwamba alikuwa "mjini" miaka kadhaa. Tazama karatasi yenu. Kama maneno hayo hayapo, hakuna sababu ya kumzushia. Kama yapo, basi ndivyo ilivyokuwa, na kondoo haibadiliki kuwa kitu kingine.

La utumwa ninalichukulia kwa uzito kwa sababu umetaja Unguja, na wewe ni mtu wa Tanga. Mwaka 1849 bibi huyu alipohukumiwa, Seyyid Said alikuwa anatawala Unguja na majahazi yalikuwa yanapakia watu Kilwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, na utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria kule hadi 1897. Mtu aliyekamatwa nyuma ya Ziwa Nyasa hakushitakiwa kwa lolote, hakupewa miaka saba, na mtoto wa mjakazi alizaliwa mtumwa, isipokuwa wa suria aliyekubaliwa na bwana kuwa mwanawe. Bibi yenu alikuwa na hukumu yenye mwisho. Watoto aliowazaa Hobart walizaliwa huru. Alikuwa na haki, kwenye maandishi angalau, ya kumshitaki bwana wake kwa hakimu. Aliteseka, hilo halina ubishi, lakini wanaosema "Waairishi nao walikuwa watumwa" mara nyingi wana lao jambo, ambalo ni kutaka kuyapunguza ya Waafrika. Mtoto wako mwenye damu za pande zote mbili asiuziwe hilo.

Jina linalofaa ni kazi ya kulazimishwa chini ya hukumu. Na nyuma yake serikali ilikuwa na hesabu zake: koloni lilikuwa na wanaume wengi na wanawake wachache, lilihitaji vijakazi wa nyumbani na wake. Ushahidi wake ninaoupenda ni huu. Kati ya 1848 na 1850, serikali hiyohiyo ilisafirisha bure zaidi ya wasichana yatima 4,000 kutoka nyumba za maskini za Ireland kwenda Sydney, Adelaide na Melbourne. Hawa hawakuiba chochote. Msichana wa nyumba ya maskini na mjane wa jela waliweza kutoka wilaya moja, mwaka mmoja, kuelekea bara moja, mmoja akiitwa mhamiaji na mwingine mhalifu.

Kabla ya safari, wanawake wa miaka hiyo walikusanywa Dublin kwenye jela ya wanawake ya Grangegorman, iliyokuwa bohari lao tangu 1836. Walikaa miezi wakifundishwa kushona, kufua na kazi za ndani, maana hizo ndizo zilizowangoja. Watoto wadogo waliruhusiwa kubaki na mama zao. Wakubwa ndio walioachwa, kwa ndugu kama wapo, la sivyo nyumba ya maskini. Ikiwa bibi yenu alikuwa na watoto zaidi ya huyo wa miaka miwili, huenda walibaki Galway, na kuna ukoo mwingine huko usiojua habari zenu.

Safari ilichukua miezi mitatu hadi minne. Watu hudhani meli hizi zilikuwa majeneza. Zilikuwa hivyo mwanzoni. Katika msafara wa pili wa 1790 karibu robo ya wafungwa walikufa, kwa kuwa wenye meli walilipwa kwa idadi waliyopakia, wakawa hawana sababu ya kuwalisha. Mkataba ukabadilishwa, akawekwa daktari wa jeshi la majini mwenye mamlaka juu ya wafungwa, na malipo yakafungamanishwa na hali ya watu wanaoshuka. Kufikia miaka ya 1840 mwanamke mfungwa alikuwa na nafasi nzuri ya kufika hai kuliko mhamiaji huru aliyejilipia nauli kwenda Kanada: kisiwa kimoja tu cha karantini, Grosse Île, kilizika zaidi ya watu 5,000 mwaka 1847. Hatari kubwa ilibaki bahari yenyewe. Meli Neva iliondoka Cork Januari 1835 ikiwa na wanawake wafungwa 150, ikapasuka mwezi Mei kwenye miamba ya King Island, kaskazini magharibi ya hapo kwenu. Waliopona ni watu 15, na katika hao wafungwa walikuwa sita.

Sasa ile orodha ya makosa ya Hobart iliyomtia baba mkwe wasiwasi kuliko kondoo. Isome ukijua nani aliyeiandika. Mfungwa aliajiriwa kwenye nyumba ya mtu. Wakati wa bibi yenu kwa mshahara mdogo, zamani kidogo bila mshahara. Kijakazi huru akijibu jeuri alifukuzwa kazi, kesho yake anatafuta nyingine. Kijakazi mfungwa akijibu jeuri alipelekwa kwa hakimu, na jibu lake likawa kosa la jinai. Akichelewa kurudi jioni ya Jumapili, "kutoka bila ruhusa". Akinywa bia, "ulevi". Kupata mimba pia kulihesabiwa kosa. Na wengine walikosea kwa hesabu, wakajua kabisa kwamba njia pekee ya kumkimbia bwana mkorofi ni kufanya kosa dogo warudishwe gerezani. Karatasi haiandiki bwana alifanya nini kabla ya jibu la jeuri. Safu ya kuandika hilo haikuwekwa.

Miezi mitatu hiyo aliitumikia, kwa uwezekano mkubwa, pale Cascades, South Hobart, gereza la wanawake lililofunguliwa 1828. Nenda ukalione, kuta za nyua zingali zimesimama, na tangu 2010 liko kwenye orodha ya urithi wa dunia. Nenda mchana wa majira ya baridi, utaelewa. Lilijengwa bondeni kando ya kijito, chini ya mlima, na jua linatoweka mapema sana. Humo wanawake walifua nguo za mji mzima kwenye mabeseni ya maji baridi, wakasokota sufu, kwa amri ya kunyamaza. Kanuni za mwanzo zilitaka wale wa daraja la adhabu wavae nguo yenye herufi C kubwa ya njano mgongoni, kwenye mkono wa kulia na nyuma ya sketi.

Na hapo tumemfikia mtoto. Watoto wachanga wa wafungwa walikaa kwenye vyumba vya kulelea vilivyosimamiwa na gereza. Mama aliruhusiwa kunyonyesha, kisha mtoto akaachishwa ziwa mapema na mama akarudishwa kazini. Vifo vilikuwa vingi kiasi kwamba hata magazeti ya Hobart ya wakati ule yalipiga kelele. Mtoto aliyevuka miaka miwili au mitatu alipelekwa Queen's Orphan School, New Town, kando ya kanisa la St John's. Jina linasema yatima, lakini wengi humo walikuwa na mama hai, mwendo wa miguu kutoka walipo, asiye na ruhusa ya kuishi nao. Mama akiolewa au akipata kibali cha kujitafutia kazi, aliweza kuomba mtoto wake arudishwe. Daftari za kupokea na kutoa watoto zimehifadhiwa Hobart. Mtoto wa miaka miwili aliyeshuka 1850 anapaswa kutafutwa humo kwanza, kisha kwenye daftari za mazishi. Nasema hivyo makusudi, uwe umejiandaa.

Kuna jambo karatasi yenu haitaligusa, na mimi naona mtoto wa miaka 11 analiweza. Kisiwa alichoshushiwa bibi hakikuwa kitupu. Vita vya miaka ya 1820 kati ya walowezi na wenyeji, ambao uzao wao hujiita Palawa, vilikuwa vimekwisha kwa wenyeji kufukuzwa na kuhamishiwa Flinders Island. Mwaka 1847, miaka mitatu tu kabla ya bibi kufika, manusura 47 walirudishwa na kuwekwa Oyster Cove, kusini ya Hobart. Aliyekosa robo eka kwao Galway, akiolewa na mlowezi, aliishi kwenye ardhi iliyonyang'anywa wengine. Hakuagiza yeye, na wala sitaki mumgeuze mshitakiwa tena. Lakini kama mumeo anataka kujivunia ukoo wa walioonewa, hilo nalo liwepo mezani.

Kuhusu baba mkwe: kwanza, kwa utani kidogo, damu yenyewe ni ya mke wake. Pili, umwelewe. Kisiwa hicho kilibadilishwa jina kuwa Tasmania mwaka 1856, miaka mitatu baada ya meli za wafungwa kukoma, na moja ya sababu ilikuwa kuifuta harufu ya ufungwa. Kwa vizazi vitatu vinne watu walikata kurasa, wakabadili tahajia za majina, wakawaambia watoto kwamba bibi alikuja kwa hiari. Mzee aliyekulia katika ukimya huo hawezi kuuvua kwa sababu leo watu wanajitapa. Mweleze mwenyewe, faragha, kabla kazi haijafika shuleni, na mama mkwe awepo, maana ruhusa ya kweli ni ya kwake. Ikiwa bado mzee anaumia, mtoto anaweza kuandika habari hiyo bila jina la ukoo; mwalimu yeyote wa Hobart atakubali, na darasani humo hatakuwa peke yake.

Mtoto mwenyewe mwambie kwa maneno yake: kulikuwa na njaa, baba wa nyumba alikufa, bibi akachukua kondoo wa mtu mwingine akijua ni kosa, akakamatwa, akaadhibiwa kwa namna iliyowafaidi pia walioadhibu. Akiuliza kama angefanya hivyo yeye, usijibu haraka.

Sasa kazi ya miguu. Rejista za waliopelekwa kutoka Ireland kuanzia 1836 zilinusurika, na faharasa yake iko wazi bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Taifa ya Ireland. Mwaka 1988 serikali ya Ireland iliwapa Waaustralia nakala zake kama zawadi. Hapo utaona kama kuna ombi la huruma lililoambatana na jina lake. Usipoteze usiku kutafuta sensa za 1841 na 1851 za Galway, nyingi ziliteketea Dublin mwaka 1922 jengo la kumbukumbu lilipoungua vitani. Vitabu vya ubatizo vya Kikatoliki viko mtandaoni, ila ujue parokia kwanza, la sivyo utazama kwenye majina yanayofanana.

Lakini mtandao peke yake hautoshi. Kusoma mwandiko wa karani wa 1850 na vifupisho vyake kunahitaji mtu aliyeuzoea, kwa hiyo nenda mwenyewe kwenye chumba cha kusomea cha hifadhi ya kumbukumbu ya Tasmania hapo Hobart, na uwatafute watu wa kujitolea wa Female Convicts Research Centre, ambao wamenakili maelfu ya karatasi kama yenu na watakwambia kila alama ina maana gani. Waombe kurasa tatu: ya tabia, ambayo nadhani ndiyo mliyonayo, ya maelezo ya mwili wake, na ya maombi ya ndoa. Ya ndoa itazame kwa makini, maana baadhi ya walioandikwa wajane walikuwa na mume hai Ireland na hawakuwa na njia nyingine ya kuolewa tena. Na safari hiyo ya kwanza nenda wewe na mama mkwe, mwanao mwache nyumbani. Mkishajua daftari la New Town limeandika nini mbele ya jina la yule mdogo, mtapanga pamoja lini naye aende.